Gololi Tatu Nyeusi

Sanduku la kura lilipofunguliwa Jumamosi ile, gololi tatu nyeusi zilikuwa zimelala katikati ya nyeupe. Mkuu wetu akazihesabu mara mbili kwa ncha ya kidole, labda akitumaini zingebadilika rangi. Moja ingemwacha mtu apite. Mbili zilitosha kumfungia mlango. Tatu maana yake ni kwamba watu watatu niliokaa nao chumba kimoja, wamevaa mishipi ya buluu kama wangu, ambao dakika kumi tu zilizopita walikariri pamoja nami kwamba mbele ya undugu hakuna kabila wala rangi, walikuwa wameingiza mkono katika tundu la sanduku lile na kuamua vingine.

"Kura imesema," Mkuu akatangaza. "Tuendelee na ajenda."

Tukaendelea. Tulizungumzia paa linalovuja upande wa jikoni. Nilikaa pale mikono juu ya magoti, na nakumbuka mtu mmoja alipendekeza mabati ya kijani badala ya mekundu na wengine wakacheka. Aliyekataliwa alikuwa rafiki yangu. Mimi ndiye niliyempendekeza.

Niseme kwanza chama chenyewe ni kitu gani, kwa sababu watu wa Nakuru wanaopita nje ya jengo letu wana hadithi zao. Wanasema tuna jeneza ndani. Wanasema tunakunywa damu. Hakuna jeneza. Kuna viti vya ngozi vilivyopasuka, zulia lililoliwa na nondo, birika kubwa la chai, na wanaume kama thelathini, wengi wetu tumeshapita miaka hamsini, tunaokutana mara moja kwa mwezi. Tuna kiapo, tuna nyimbo tatu, na tuna kazi za kusaidia watu. Jengo lilijengwa na walowezi. Picha zao bado ziko ukutani, wazungu wenye masharubu wanaokutazama tangu unapoingia hadi unapotoka. Kwa miaka mingi Mwafrika hakukanyaga zulia lile ila akiwa amebeba trei, na hata huyo mwenye trei aliingilia nyuma. Chakula kilipitishwa kwenye dirisha dogo la jikoni ambalo sasa limezibwa kwa matofali.

Mpishi wa zamani aliyekuwa akipitisha sahani kwenye dirisha hilo alikuwa baba yake mzee aliyenileta mimi chamani. Mzee huyu alikuwa mwalimu mkuu, akastaafu, akarudi kwao Subukia kulima kahawa na kufuga ng'ombe wa maziwa. Kila mwaka katika karamu yetu kubwa husimama na kusimulia habari za baba yake na lile dirisha. Hufika mahali sauti ikamkatika, akatoa kitambaa. Nilimsikiliza miaka kumi na mmoja, na kila mwaka nililengwa na machozi.

Tulijuana kwa sababu ya ng'ombe. Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila dume. Nina pikipiki, nina mtungi wa kuhifadhi mbegu zikiwa baridi, na kuanzia Bahati hadi Subukia wafugaji huniita daktari ingawa cheti changu hakisemi hivyo. Babu yangu aliletwa hapa na reli kutoka magharibi. Mimi nilizaliwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, chumba kimoja, watoto sita, pazia katikati. Mzee aliponiambia, "Nataka nikupeleke mahali, kijana wangu, ukae na watu," nilikuwa na miaka thelathini na saba na nikahisi nimeitwa na ulimwengu mzima.

Sasa huyu rafiki yangu. Ni afisa wa kliniki, Mturkana, mzaliwa wa Kariandusi. Baba yake alichimba ule udongo mweupe unaochimbwa pale, na jioni alikuwa akirudi nyumbani mweupe kuanzia nywele hadi viatu, watoto wakimkimbia kwa mchezo mpaka anawe. Rafiki yangu alisomeshwa na udongo huo. Anazungumza lugha tano. Nimewahi kumwona akimtuliza bibi kizee wa Kinangop kwa Kikuyu safi hadi yule bibi akamshika uso kwa mikono miwili amtazame vizuri, asiamini maneno hayo yanatoka katika uso huo.

Chama chetu kilikuwa na kambi ya matibabu ya bure mara moja kwa mwaka kule Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Watu wa pale ni wavuvi na wafanyakazi wa mashamba ya maua. Akina mama walikuja na mikono iliyochubuka kwa dawa za maua, migongo iliyokufa kwa kuinama, kifua kisichopona. Rafiki yangu alikuja bure kila mwaka, kwa miaka sita. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kufunga. Ndugu zetu walimsifu mno. Picha zake akipima wagonjwa zilibandikwa kwenye ubao wetu pale ukumbini, chini kidogo ya wale wazungu wa masharubu.

Kuna jambo lilitokea mwaka wa nne wa kambi hiyo. Nitalisema sasa, kwa sababu bila hilo mtu angeweza kusoma haya akadhani mimi nilikuwa msafi.

Wakati wa chakula cha mchana tulikuwa na hema, meza zina vitambaa. Waliokaa hemani ni sisi wa chama, wauguzi wawili na mama aliyegawa dawa, ambao hawakuwa wa chama lakini walikaribishwa. Rafiki yangu alinawa akaja akiwa amebeba koti lake jeupe mkononi. Ndugu mmoja, muuzaji wa mbolea na mbegu mjini, akamzuia kwa heshima zote, mkono begani, akatabasamu.

"Daktari, wenzako wako kule," akamwambia, akimwonyesha nyuma ya lori.

Nyuma ya lori walikuwa wamechuchumaa walinzi wawili tuliowakodi walinde vifaa. Walikuwa Waturkana. Rafiki yangu hakuwa amewahi kuwaona maishani mwake. Akatazama kule, akatazama hemani. Macho yake yalinifikia. Nilikuwa na kipande cha kuku mdomoni. Niliangalia sahani yangu. Yeye akageuka, akaenda nyuma ya lori, na saa nane akaendelea kupima watu.

Sikusema neno siku hiyo. Wala hatukulizungumzia tukiwa njiani kurudi, wala mwaka uliofuata. Nilijiambia ni bahati mbaya. Nilijiambia yule muuza mbolea ni mjinga. Nadhani nilimpendekeza rafiki yangu chamani miaka miwili baadaye nikitaka kulifuta jambo hilo bila kulitaja.

Mwanzoni alikataa. Nilimrudia mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Nimezoea kuitwa nije nisaidie. Sijawahi kuitwa nije nikae. Sawa, andika jina langu."

Kulingana na kanuni, ndugu watatu walikwenda kumtembelea kwake, wamjue yeye na familia yake. Mke wake, ambaye ni mwalimu, aliwapikia. Jioni rafiki yangu alinipigia simu akicheka, lakini nilisikia kicheko kimekauka.

"Hawa ndugu zako! Wameniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Kariandusi. Wakasema, hapana, kwenu hasa. Nikasema nimezaliwa hapo, mama yangu anaishi hapo, baba yangu amezikwa hapo. Mmoja akasema, ndiyo, lakini mlitoka wapi? Halafu wakamuuliza mke wangu kama bado tunakunywa damu ya ng'ombe."

"Na yeye alisema nini?"

"Alisema imeisha, wachukue chai."

Nilicheka. Nilimwambia wazee wana mambo yao, asijali, kura itapita. Nilikuwa na uhakika. Nani angemkataa mtu aliyewatibia watu wao miaka sita?

Baada ya kura, tukinywa chai, mtu mmoja aliniegemea akaninong'oneza, "Ni yule mzungu." Alimaanisha mzungu wa mwisho aliyebaki chamani, mzee wa miaka themanini na kitu, mwenye fimbo, aliyezaliwa na kulelewa upande wa Elmenteita. Wa pili naye akaja na maneno hayo hayo. Niliona jinsi jambo hilo lilivyowafurahisha. Lingeisha hapo: mzungu mzee, ukaidi wake wa zamani, tumsamehe, atakufa karibuni.

Yule mzungu alinifuata hadi kwenye pikipiki yangu akitembea polepole.

"Bwana," akasema, "mimi nilitia nyeupe. Wewe usiniulize, mimi mwenyewe nakuambia."

Nilikuwa nimeapa kutouliza. Kanuni yetu inasema kura ni siri, na hakuna ndugu atakayemuuliza mwenzake alitia gololi gani. Nilipoapa niliiona kanuni nzuri, inayomlinda mnyonge asimwogope mkubwa. Sikuwaza kwamba ingekuja kumlinda mkubwa asimwonee haya mnyonge.

Jumanne iliyofuata yule mzee wa Subukia alinipigia simu asubuhi kwamba ng'ombe wake anataka dume. Nilimkuta zizini amevaa gambuti, ng'ombe ameshafungwa kwenye mbao. Nikavaa glavu ndefu, nikafanya kazi yangu bila kuzungumza. Mkewe alileta maji ya moto na sabuni, akarudi nyumbani. Nilipokuwa nikinawa ndipo nilipomwambia.

"Mzee, Jumamosi tulimkosea mtu."

"Kura ni kura, kijana wangu."

"Siulizi nani alitia nini. Nasema tulimkosea."

Akaegemea mbao, akamkuna ng'ombe wake mgongoni. "Usijisumbue kutafuta," akasema. "Mimi ni mmoja wao."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilikuwa bado na sabuni mikononi.

"Wewe, mzee?"

"Mimi. Na sioni aibu. Wewe ni mtoto wa landhi, hawa watu huwajui. Mimi nilifundisha kwao huko juu kaskazini miaka mitatu. Huyu ni mtu mzuri, sikatai. Msafi, ana elimu. Lakini mtu haji peke yake. Ukimfungulia mmoja, kesho atampendekeza mwingine wa kwao, na kesho kutwa tunakaa na nani pale ndani? Hawa ni watu wa geti. Ni kazi yao na wanaifanya vizuri. Mlinzi wetu akimwona mtu wa kwao amekaa kwa kiti cha ngozi, unafikiri atatuheshimu tena?"

Aliyasema haya kwa upole, kwa sauti ile ile aliyotumia kuniuliza kama mbegu ni ya dume mzuri. Hilo ndilo lililonivunja. Kama angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Baba yako alipitisha sahani dirishani," nikamwambia.

"Usimtaje baba yangu."

"Wewe ndiye unayemtaja kila mwaka. Sisi hulia."

"Baba yangu alizuiwa na wageni," akasema, na sasa sauti ilipanda. "Wageni! Kwenye nchi yake mwenyewe!"

"Na Kariandusi ni nchi ya nani?"

Alimfungua ng'ombe, akampiga kofi kiunoni aondoke. Kisha akanigeukia, na nikaona ameamua kuniumiza, au labda kunifundisha. Kwake vitu hivyo viwili havikuwa mbali.

"Unafikiri wewe uliingiaje? Siku ya kwako maneno yalikuwa mengi. Walisema watu wa magharibi ni fujo, watatuletea siasa na kelele. Mimi nilisimama nikawaambia, huyu si kama wao. Nilikuwekea neno langu. Miaka kumi na mmoja sijakwambia, kwa sababu sikutaka ujisikie vibaya."

Alinipa maneno hayo kama mtu anayekukabidhi zawadi aliyokutunzia muda mrefu. Si kama wao. Wao walikuwa baba yangu, aliyefunga nati za reli hadi vidole vikapinda, na mama yangu aliyeuza dagaa wa omena nje ya landhi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa katika kiti kile kwa sharti kwamba nisifanane na walionizaa, na sharti lenyewe nilikuwa nimelitimiza vizuri sana. Nilikuwa nimejifunza kucheka taratibu. Nilikuwa nimeacha kuzungumza lugha ya mama kwenye simu nikiwa ndani ya jengo lile. Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza.

Nikafunga mtungi wangu kwenye pikipiki na kuondoka bila kuaga. Kwa mtu wa umri wake, hilo sikuwa nimewahi kulifanya.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kumwona rafiki yangu kazini. Wagonjwa walikuwa wamekwisha, alikuwa akijaza kadi. Sikujua nianzie wapi.

"Wamekataa," nikasema.

"Leo ni Jumanne," akajibu bila kuinua kichwa. "Kura ilikuwa Jumamosi. Nilijua Jumamosi hiyo hiyo, kwa sababu hukupiga simu."

"Nilitaka nijue sababu kwanza."

"Umeipata?"

Akaweka kalamu chini.

"Unakumbuka Kamere, ile siku ya chakula?"

"Nakumbuka."

"Yule wa mbolea sikumshangaa. Watu kama yeye ninakutana nao kila siku, wengine nikiwa nimewashikia sindano. Wewe ndiye niliyekuangalia. Nilisema, huyu atasema kitu. Hata kama ni 'kuja hapa kaa karibu na mimi', maneno sita tu. Ukaangalia chini ukaendelea kutafuna. Unajua walinzi wale waliniambia nini nilipofika? Mmoja aliniuliza, 'Daktari, na wewe umekosa nini?'"

Nilimwambia pole. Nilimwambia nitaenda kwenye mkutano ujao niwaambie ukweli.

"Usiende kunipigania," akasema. "Mimi sikutuma mtu. Ukienda, nenda kwa sababu zako. Na usilitumie jina langu kama bendera." Akaendelea kuandika, nami nikatoka.

Mkutano uliofuata nilingoja hadi tulipofika kwenye mambo mengineyo, nikasimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi lakini nikaikunja nikaitia mfukoni. Nilianza kwa kukariri kiapo chetu, kile kile, neno kwa neno. Kisha nikasema kilichotokea Kamere, pamoja na kuku wangu mdomoni. Nikasema maswali yaliyoulizwa nyumbani kwa mtu aliyewapikia. Nikasema kwamba nimesikia kwa masikio yangu, kutoka kwa ndugu ambaye sitamtaja, kwamba tulimkataa kwa kuwa hatakuja peke yake, na kwa kuwa mlinzi wetu hatatuheshimu.

"Ndugu, keti," Mkuu akasema, akagonga meza kwa nyundo.

"Sijamaliza."

"Unavunja kanuni ya siri ya kura!"

"Kiapo kilivunjwa kwanza, Mkuu. Mbona hukukigongea nyundo?"

Hapo ndipo yule muuza mbolea aliporuka juu. "Huyu anatuletea ukabila hapa!" akapiga kelele. "Sisi tumeishi vizuri miaka yote, hakuna mtu anaongea kabila. Yeye ndiye ameanza!"

Watu wakaitikia. Ndiyo, ndiyo, ni kweli. Nilitazama zile nyuso, watu waliozika jamaa zao nikiwa nimeshika jembe kando yao, na nikaona wamekasirika kweli. Hawakumkasirikia aliyetia gololi nyeusi. Walimkasirikia aliyesema zilikuwa nyeusi.

Yule mzungu mzee aliinuka akiegemea fimbo. Kelele zikapungua; kwa umri wake bado watu humsikiliza.

"Mimi nilikuwa hapa wakati ule," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Nilikuwa kijana, mimi ni mpya. Kulikuwa na Mwafrika mmoja, mwalimu, mtu alimleta aingie. Sisi tulitia nyeusi. Mimi pia nilitia. Tulisema, yeye ni mzuri, lakini yeye hatakuja peke yake. Tulisema, boi wetu ataona yeye amekaa na sisi, ataheshimu sisi namna gani? Maneno ni haya haya. Leo huyu bwana akisema, mimi nasikia baba yangu anaongea."

Akakaa. Sikumpigia makofi. Watu wengine waliosikia habari hii baadaye waliniambia ni maneno mazuri, na ni kweli yalikuwa mazuri, lakini alikuwa amekaa nayo miaka sitini. Mwalimu yule alikuwa na jina, na huenda alikuwa na watoto waliomngoja nyumbani siku hiyo wajue imekuwaje. Hakuna aliyewahi kwenda kuwaambia.

Halafu yule mzee wangu wa Subukia akainuka. Nilidhani atakiri, au atajitetea. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Nimeumizwa," akasema, "na mtoto niliyemlea mwenyewe." Akatoa kitambaa.

Basi. Watu watatu walikwenda kumshika mabega. Mmoja alimletea maji. Katika chumba kile, mwisho wa yote, aliyestahili kufarijiwa alikuwa yeye. Jina la rafiki yangu halikutajwa tena mchana ule, na kama lingetajwa sijui ni nani angelijua lote, la kwanza na la ukoo. Kwao alikuwa daktari wa Kamere.

Kamati iliketi ikaamua kwamba nimevunja siri, nisimame nje miezi sita. Mlinzi wetu, mtu wa makamo ambaye miaka yote nilikuwa nikimwamkia nikipita, alinifungulia geti nikitoka. Nikasimamisha pikipiki nikamuuliza jina lake. Akaniambia. Miaka kumi na mmoja, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza.

Sikungoja miezi sita iishe. Mwezi uliofuata nilirudisha mshipi wangu, nikauweka juu ya meza ya karani umekunjwa vizuri, na barua fupi. Mke wangu aliona nimefanya haraka. Alisema nilipenda sana mahali pale, na alisema kweli. Nilipapenda. Nilipenda nyimbo zile, nilipenda wanaume wazima wakishikana mikono bila haya, nilipenda kuitwa ndugu na mtu asiye wa mama yangu. Ndiyo maana bado nina hasira. Kama ningekuwa nimepachukia ningeshasahau.

Mzee wa Subukia amepata mtu mwingine wa kumpandishia ng'ombe. Tulikutana mara moja tu dukani, akanisalimia kwa adabu, nikamjibu kwa adabu. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nikimpenda kama baba. Nilinunua sabuni nikatoka.

Kati yangu na rafiki yangu kulikuwa na ubaridi wa miezi mingi. Nilimpigia, akajibu kwa ufupi, nikaacha kupiga. Kisha siku moja akanipigia yeye. Mbuzi wa mama yake walikuwa wanakohoa, wanne wameshakufa, na daktari wa mifugo wa huko hakupatikana. Nikamtafuta daktari wa mifugo ninayemwamini mjini, tukaenda naye Kariandusi. Tulishinda zizini tukishika mbuzi mmoja mmoja, yeye akichoma sindano, mimi na rafiki yangu tukiwashika pembe, hatuzungumzi ila "shika huyu" na "huyu tayari". Mama yake ni mfupi, mkali. Alinitukana kwa Kiturkana nilipomkanyaga mbuzi mchanga, na mwanawe akacheka hadi akaketi chini. Hatukusameheana kwa maneno. Tulimaliza mbuzi.

Yeye hakurudi tena kwenye kambi ya chama. Walipata mtu mwingine, na nimeambiwa aliondoka saa nane mchana watu wakiwa bado kwenye foleni. Akina mama wa Kamere waliuliza daktari wao yuko wapi. Ndugu mmoja aliwajibu kwamba ana shughuli. Kwa hiyo sasa, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, tunakwenda wenyewe. Kanisa dogo la pale linatupa chumba. Yeye anapima, mkewe anaandika majina, mimi naita watu na kubeba maboksi. Mara nyingine huwa naitwa na wavuvi nimwangalie mbwa aliye mgonjwa.

Wiki chache zilizopita nilipata barua yenye muhuri wa chama. Walisema wamezitafakari "tofauti ndogo zilizojitokeza", kwamba mlango uko wazi kwangu, na kwamba rafiki yangu anaweza kuomba upya wakati wowote atakaopenda. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya barabara. Tofauti ndogo! Nilimpelekea rafiki yangu aisome. Aliipitia mara moja akanirudishia.

"Wewe unataka kurudi?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi wajibu. Wasije wakafikiri tumenyamaza kwa sababu tunafikiria."

Niliwajibu kwa mkono wangu, ukurasa mmoja. Niliandika kwamba sisi hatuombi chochote upya. Lakini kama wanataka mazungumzo, wale watatu wa gololi nyeusi wapande gari waende Kariandusi mchana peupe, wakae kwa mama yake, wamwambie mwanamke yule ana kwa ana kwa nini mwanawe hafai. Barua niliipeleka mwenyewe, nikamwachia karani. Hadi leo hawajajibu, na hakuna aliyekwenda.